Kidonge cha Piriton Zizini: Histamini, Kupe na Mifugo ya Dzaleka

Mbuzi akiamka amevimba midomo na kope, mtu wa kwanza kuulizwa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka huwa ni jirani, na jibu la jirani mara nyingi ni Piriton. Kidonge kile kidogo cha klofenamini, miligramu 4, hakikosekani madukani kwa sababu ya mafua na miwasho ya watoto. Kukisaga na kukitia kwenye madeya, yaani pumba za mahindi, ni kazi ya dakika moja. Kumfikia daktari wa mifugo ni safari. Lilongwe iko kilomita kama 45, na mkimbizi anayetaka kutoka kambini huhitaji kibali. Kambi yenyewe ilifunguliwa mwaka 1994 katika wilaya ya Dowa, Malawi, mahali palipokuwa gereza la kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Ilipangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa wamezidi 50,000. Wanyama wanaofugwa humo wanabanana na binadamu, na dawa za binadamu ndizo zilizo karibu.

Swali ninalotaka kulichambua ni hili: kidonge hicho kinafanya nini ndani ya mnyama, na kwa nini humponya mmoja ndani ya saa chache, kisha kikashindwa kabisa kwa mwingine anayekufa mbele ya macho ya mwenyewe? Jibu limo katika histamini, na pia katika aina ya mnyama. Mbwa, ng'ombe, kuku na simbilisi wote wana histamini mwilini, lakini kila mmoja ameipa kazi yenye uzito wake. Dawa inayoizuia histamini haiwezi kuwa na nguvu kuliko nafasi ambayo histamini yenyewe inayo katika ugonjwa ule.

Histamini ni kemikali ndogo ambayo mwili huitengeneza kutokana na histidini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Sehemu kubwa huwekwa akiba ndani ya seli za masti. Paul Ehrlich alizieleza seli hizi mwaka 1878 akiwa bado mwanafunzi, baada ya kuziona chini ya hadubini zimejaa chembechembe. Zimekaa pale ambapo mwili unakutana na dunia: kwenye ngozi, mapafu, utumbo na kandokando ya mishipa midogo ya damu. Sumu ya nyuki ikiingia, au dawa ambayo mwili uliwahi kukutana nayo ukaichukia, seli hizi hupasua vifuko vyao na kumwaga akiba. Mishipa midogo hutanuka na kuvuja maji, ngozi huvimba, neva huwasha, misuli ya njia za hewa hubana. Windaus na Vogt waliitengeneza histamini maabara mwaka 1907, na mwaka 1910 Henry Dale na Patrick Laidlaw wakaeleza jinsi inavyoushika mwili wa mnyama.

Ili ifanye kazi, histamini lazima ikae kwenye kipokezi cha seli, kama mgeni anavyokalia kiti. Antihistamini hukalia kiti kilekile bila kuagiza chochote. Dawa iliyofika mapema hukuta viti vitupu, na histamini ikimwagwa baadaye hukosa pa kukaa. Iliyochelewa hukuta viti vimekaliwa na amri imeshatolewa: maji yameshavuja, koo limeshabana. Haiwezi kuyarudisha maji yale kwenye mishipa, na kazi yake inabaki kuzuia nyongeza. Kwa hiyo saa ya kutoa dawa ina uzito sawa na dawa yenyewe, na anayeambiwa "mpe tu Piriton" angeuliza kwanza uvimbe ulianza lini.

Vipokezi navyo ni vya aina nne. H1 vinahusika na uvimbe, mwasho na kubana kwa njia za hewa, na Piriton huvikalia hivi. H2 vinahusika zaidi na asidi ya tumboni. James Black na wenzake walivitambulisha mwaka 1972, wakatoa simetidini, na Black akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. H3 na H4 vilijulikana baadaye na havijaleta dawa ya kawaida zizini.

Sasa nije kwa simbilisi, maana hapa ndipo matarajio yetu yalipopotoshwa. Watu waliotoka Walungu au Kabare, Kivu Kusini, wanamfahamu mnyama huyu vizuri. Wengi humwita kobayi, naye hufugwa jikoni kwa ajili ya nyama, hasa na akina mama na vijana wasio na uwezo wa kununua mbuzi. Maabara za Ulaya zilimpenda kwa sababu nyingine. Simbilisi hufa haraka sana kwa histamini: mpulizie mvuke wake na njia zake za hewa hujifunga ndani ya dakika chache. Mwaka 1937, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Daniel Bovet na Anne-Marie Staub walionyesha kwamba kemikali fulani zinaweza kumwokoa simbilisi aliyepewa kiasi cha histamini cha kumuua. Kemikali hizo zilikuwa na sumu mno kwa matumizi, lakini njia ilikuwa imefunguka. Miaka ya 1940 ikaleta mepiramini, difenhidramini na promethazini. Bovet alitunukiwa Nobel mwaka 1957.

Kilichoonekana kwa simbilisi kikahamishiwa kwa ng'ombe kana kwamba mapafu yao ni mamoja. Sivyo ilivyo. Panya na vipanya huvumilia histamini nyingi bila kutikisika. Kwao serotonini ina uzito zaidi. Kwa mbwa, kishindo huanguka kwenye ini: mishipa inayotoa damu humo hubana, damu hukwama tumboni, mbwa hutapika, huharisha damu na kuanguka. Kwa paka ni mapafu, naye huanza kwa kujikuna uso kwa nguvu. Kwa ng'ombe na kondoo ni mapafu pia, ila histamini si kiongozi wa kikosi. Serotonini, kinini na kemikali za mafuta ziitwazo lukotrini zinafanya sehemu kubwa ya uharibifu. Unaweza kuvikalia vipokezi vyote vya H1 vya ng'ombe huyo, na bado akaendelea kuhema mdomo wazi, ulimi nje, povu likidondoka, kwa sababu waliobaki hawakuguswa.

Hili ndilo ningependa kila anayeshika bomba la sindano Dzaleka alijue. Mshtuko wa mzio, ule unaomwangusha mnyama dakika chache baada ya sindano au baada ya kushambuliwa na nyuki, hautibiwi kwa antihistamini. Unatibiwa kwa adrenalini. Adrenalini haigombei kiti na histamini. Inafungua njia za hewa, inakaza mishipa iliyolegea, inaupa moyo nguvu, na inazituliza seli za masti zisiendelee kumwaga. Inatenda kinyume cha matokeo yote, bila kujali ni kemikali gani iliyoyaleta, na ndiyo maana inafaa kwa mbwa wa ini na ng'ombe wa mapafu vilevile. Kipimo cha kawaida ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, sindano ya msuli, kutoka kichupa cha miligramu 1 kwa mililita. Mbwa wa kilo 20 anahitaji mililita 0.2 tu. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji mililita 3, na vitabu huruhusu hadi mara mbili yake.

Elimu hii ya mshtuko ilianzia kwa mbwa. Charles Richet na Paul Portier walikuwa wakichunguza sumu ya anemone wa baharini, kazi waliyoianza safarini katika meli ya Mwana wa Mfalme wa Monako. Mbwa wao mmoja, Neptune, alipewa kiasi kidogo akakivumilia. Baada ya siku 22, akiwa na afya njema kabisa, alipewa tena kiasi kidogo, akafa ndani ya nusu saa. Mwaka 1902 wakaliita jambo hilo anafilaksi, na mwaka 1913 Richet akapewa Nobel. Kwa mfugaji, kisa cha Neptune kina maana ya moja kwa moja: sindano ya kwanza ya penisilini kupita salama haimaanishi ya pili itapita salama. Ya kwanza inaweza kuwa ndiyo iliyoufundisha mwili kuchukia. Mnyama aliyedungwa chanjo, penisilini au seramu abaki machoni pa mtu kwa nusu saa kabla ya kuachiwa malishoni.

Zipo ajali zinazofanana na mzio na ambazo si mzio. Oksitetrasaiklini ikisukumwa haraka kwenye mshipa wa ng'ombe humwangusha papo hapo, kwa sababu ya mwendo wa sindano na kiyeyushi chake. Penisilini ya prokeini ikiingia mshipani kwa bahati mbaya humfanya farasi kurukaruka kama mwenye wazimu, na hiyo ni kazi ya prokeini kwenye ubongo. Antihistamini haina la kufanya hapo. Kwa mbwa, mofini ikipitishwa mshipani huzifanya seli za masti zimwage histamini bila mzio wowote, ndiyo maana waganga wengi huepuka kuitoa kwa haraka kwa njia hiyo.

Kidonge kinafaa wapi, basi? Kwenye ngozi, na mapema. Mwangalie ng'ombe mwenye vipele vya mzio kwa karibu. Shingoni na ubavuni manyoya yamesimama kwa viraka, na chini ya kila kiraka kuna uvimbe bapa, kingo zake zimekatika wazi kana kwamba mtu amechomeka sahani ndogo chini ya ngozi. Ukibonyeza ni laini. Hakuna usaha, hakuna joto kali. Kope zimejaa maji hadi jicho limebaki mstari, na uke na mkundu vimevimba pia. Mnyama anajisugua kwenye nguzo lakini anakula na kupumua kawaida. Huyu, sindano ya klofenamini itamsaidia, ingawa wengi hupona wenyewe ndani ya siku moja, jambo linalowapa majirani na dawa zao sifa ambazo hawakuzifanyia kazi. Kupumua ndiko kipimo changu. Pua ikipanuka kwa nguvu, shingo ikinyooshwa, sauti ya kukoroma ikisikika, habari ya kidonge iachwe.

Kuna mzio mmoja wa ngozi ambao wenye ng'ombe wa maziwa kandokando ya Lilongwe wana sababu ya kuufahamu, maana mbegu ya Jersey imechanganywa na zebu wa Malawi katika mazizi yao. Baadhi ya ng'ombe wa Jersey na Guernsey wana mzio wa maziwa yao wenyewe. Mkamuaji akichelewa, au ng'ombe akianza kukaushwa, shinikizo la kiwele huisukuma protini ya kaseini irudi kwenye damu, na mwili wake huipokea kama adui. Vipele humtoka mwili mzima. Wachache hufikia kuhema. Antihistamini husaidia, lakini tiba yenyewe ni kukamua kiwele kiishe. Tabia hii hurithiwa katika koo, kwa hiyo ndama jike wa ng'ombe huyo si wa kuwekwa kuwa mama wa kundi.

Hesabu ya vidonge nayo inasema kitu. Kipimo cha klofenamini kwa ng'ombe mzima ni miligramu 0.5 kwa kilo. Ng'ombe wa kilo 300 anataka miligramu 150, na kwa vidonge vya miligramu 4 hiyo ni karibu 38. Mbuzi wa kilo 25, kwa kipimo hichohicho, ni vitatu. Na hapo hatujahesabu kinachopotea katika tumbo la kwanza lenye lita nyingi za chakula na vijidudu, ndiyo maana wanyama wanaocheua hupewa dawa hii kwa sindano. Kidonge kimoja kilichosagwa kwenye madeya ya ng'ombe ni sawa na kutompa kitu. Kwa mbwa wa kilo 10 au 12, kidonge hichohicho kinakaribia kipimo cha vitabu. Anayesema kilimponya mbwa wake na anayesema hakikumfaa ng'ombe wake, wote wawili wanasema kweli.

Nimekuwa nikiizungumza histamini kama tatizo la kuzimwa. Ni kosa kuiona hivyo tu, na hapa Malawi ndipo mahali pazuri pa kuonyesha kwa nini.

Kupe wa kahawia wa masikioni, Rhipicephalus appendiculatus, ndiye anayebeba Theileria parva, kimelea cha ndigana kali. Banyamulenge, Warundi na Wanyarwanda wa Dzaleka wanaujua ugonjwa huo kwa jina la ikibagarira na wengi wao walizika makundi kwa sababu yake kabla ya kukimbia. Kupe jike hunyonya kwa karibu wiki nzima. Vimelea vilivyo kwenye tezi zake za mate havijakomaa anapoanza. Vinahitaji siku kadhaa za kunyonya ndipo viwe tayari kuambukiza. Kwa hiyo maisha ya kupe na ya kimelea yanategemea jambo moja: ng'ombe asimhisi. Na ng'ombe humhisi kwa histamini. Seli za masti zilizo pale alipouma humwaga, ngozi huwasha na kuvimba, ng'ombe hulamba, hujisugua, hutikisa masikio. Watafiti wa kupe wa ng'ombe huko Australia walionyesha kwamba histamini yenyewe humfanya kupe mchanga aachie ngozi. Zebu, ambao wanawashinda Friesian kwa kustahimili kupe, wanategemea kwa sehemu ngozi inayojibu kwa haraka.

Kupe naye amejibu. Mwaka 1999 Guido Paesen, Patricia Nuttall na wenzao wa Oxford walieleza protini zilizomo katika mate ya kupe huyuhuyu wa kahawia. Kazi yake ni kuikamata histamini. Hazikalii vipokezi kama Piriton. Zinaidaka histamini yenyewe pale ilipomwagwa, kabla haijafika popote. Jike na dume wana zao tofauti. Mdudu asiye na ubongo wa kutajika ana antihistamini iliyo safi kuliko zote za madukani, na ameitumia kwa mamilioni ya miaka.

Nikilifikiria hili, naona hatari katika desturi ya kumtuliza ng'ombe mwenye kupe kwa dawa ya mwasho. Mwishoni mwa miaka ya 1960 yalifanywa majaribio kwa ng'ombe wanaostahimili kupe: waliopewa antihistamini walibaki na kupe wengi zaidi. Ukizima mwasho bila kumwondoa kupe umemsaidia kupe kazi ambayo mate yake yalikuwa yakiifanya. Ng'ombe anayejisugua kwenye nguzo kwa sababu ya kupe anahitaji josho, dawa ya kunyunyizia, au vidole vya mtoto mwenye subira vinavyopekua masikio jioni.

Na kinga halisi dhidi ya ndigana kali inatengenezwa Lilongwe. Kituo cha Kupe na Magonjwa Yaenezwayo na Kupe, kilicho chini ya Umoja wa Afrika, ndicho kinachozalisha chanjo iliyotokana na kazi ya Muguga, nje kidogo ya Nairobi, ambako watafiti wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 walichanganya aina tatu za vimelea. Kupe walioambukizwa husagwa, vimelea hai hukusanywa na kugandishwa katika naitrojeni kimiminika. Siku ya chanjo ng'ombe hudungwa vimelea hivyo pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu, ili augue kidogo sana na abaki na kinga. Wafugaji wa Tanzania, hasa Wamasai, wameitumia kwa wingi. Kwa kuwa humo mna protini za kupe na nyingine ngeni, mchanjaji makini huenda zizini akiwa na adrenalini mfukoni, kama anavyopaswa kwa chanjo yoyote.

Ndigana kali inaleta mkanganyiko mwingine ambao umegharimu ng'ombe wengi. Mwishoni mwa ugonjwa mapafu hujaa maji, ng'ombe huhema na povu jeupe hutoka puani. Kwa macho anafanana na yule aliyepatwa na mshtuko wa mzio. Tofauti iko kwenye historia na kwenye tezi. Mzio huja ndani ya dakika au saa chache baada ya sindano au kuumwa, na joto la mwili kwa kawaida halijapanda sana. Ndigana huja baada ya siku za homa kali, tezi zilizovimba chini ya sikio na mbele ya bega, na kukataa kula. Dawa yake ni buparvakwoni, miligramu 2.5 kwa kilo, nayo hufaa ikitolewa mapema. Kila saa inayopita mtu akijaribu Piriton kwa ng'ombe huyu ni saa iliyoibwa.

Histamini huzaliwa pia tumboni. Mbuzi akivunja gunia la mahindi na kula hadi kushiba, wanga huchacha haraka katika tumbo la kwanza, asidi ya laktiki hupanda, na vijidudu vya kawaida hufa. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walikieleza kijidudu walichokiita Allisonella histaminiformans, kinachoishi kwa kula histidini na kutoa histamini kama taka yake. Kwa muda mrefu histamini hiyo ilishukiwa kuwa ndiyo inayovimbisha kwato za wanyama walioshiba nafaka, na antihistamini imekuwa ikidungwa kwa mazoea. Ushahidi wake ni hafifu. Anayemuua mbuzi ni asidi na maji yanayovutwa kutoka kwenye damu kuingia tumboni. Magadi ya soda yaliyoyeyushwa, nyasi kavu na kuondolewa kwa nafaka vinamfaa kuliko sindano ya mzio.

Kwa wafuga kuku neno ni fupi. Samaki waliooza kidogo kabla ya kukaushwa huwa na histamini, na kupika hakuiondoi. Unga wa samaki ukipashwa moto kupita kiasi kiwandani, histidini na histamini hiyo huungana na lisini na kuzaa jizerosini, iliyotambuliwa Japani mwaka 1983. Kwa kuku, nguvu yake ya kuchochea asidi ni kama mara 10 ya histamini, kupitia vipokezi vya H2. Firigisi huliwa na asidi hiyo, kuku hutapika vitu vyeusi na hufa. Usipa, samaki wadogo wa ziwani, wakikaushwa juani hawafikii joto hilo, lakini harufu yao bado inastahili kunuswa kabla hawajachanganywa kwenye chakula cha vifaranga.

Mbwa wanastahili neno refu kidogo kwa sababu wao ndio hupewa vidonge hivi mara nyingi. Mbwa anayejikuna mgongoni karibu na mkia, manyoya yakinyonyoka hapo, karibu kila mara ana viroboto, na mzio wake ni wa mate ya kiroboto. Antihistamini itapunguza mwasho kidogo na kumlaza usingizi, viroboto wataendelea. Kuhusu mbwa wenye mzio wa vumbi na chavua, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2015 unasema wazi kwamba antihistamini hazitarajiwi kufaa mwasho uliokwisha kuwaka, na zikitolewa mfululizo kabla yake faida yake ni ndogo. Mahali pazuri zaidi kwa mbwa ni uvimbe wa uso baada ya chanjo ya kichaa cha mbwa au baada ya kuumwa na nyuki mmoja au wawili. Nyuki mia ni habari nyingine: hapo sumu yenyewe inayeyusha misuli na damu, mzio au pasipo mzio, na mnyama anahitaji maji ya mshipani na uangalizi wa siku kadhaa.

Tahadhari kubwa ni hii: "dawa ya mafua" si Piriton. Vidonge vingi vya mafua vina klofenamini pamoja na parasetamoli, na vingine vina sudoefedrini. Kidonge kimoja chenye miligramu 500 za parasetamoli kinaweza kumuua paka mzima, kwa sababu ini la paka halina njia ya kutosha ya kuivunja. Damu yake hugeuka rangi ya udongo, ufizi unakuwa wa buluu, uso huvimba. Na huo uvimbe wa uso humfanya mwenye paka aongeze kidonge kingine cha mzio. Sudoefedrini kwa mbwa ni hatari kwa miligramu chache tu kwa kilo. Hata klofenamini tupu ikizidi humpeleka mnyama mchanga kwenye degedege badala ya usingizi. Deksamethasoni, ambayo nayo hudungwa kwa ajili ya uvimbe, inaweza kumtoa mimba ng'ombe aliye katika miezi ya mwisho.

Anayekamua ana deni kwa wanywaji. Kwa tripelenamini, antihistamini iliyoidhinishwa kwa ng'ombe huko Marekani, maziwa hayauzwi kwa saa 24 baada ya dozi ya mwisho na nyama kwa siku 4. Kwa dawa nyingine husomwa karatasi iliyo ndani ya kisanduku, na kwa vidonge vya binadamu karatasi hiyo haimtaji ng'ombe kabisa.

Kama fedha iliyopo inatosha kununua kitu kimoja cha kuweka karibu na bomba la sindano, ningenunua vichupa vya adrenalini kabla ya sindano za klofenamini. Ni wajibu wa yeyote anayechukua malipo kwa kuchanja mifugo ya wenzake kuwa navyo. Vihifadhiwe kwenye kisanduku chao, mbali na mwanga, mahali pasipozidi nyuzi 25, jambo ambalo chini ya bati la Dzaleka mwezi wa Oktoba linataka chungu cha maji na kona yenye kivuli. Kabla ya kila kazi kichupa kiinuliwe kitazamwe: dawa iliyo nzima ni angavu kama maji, na iliyogeuka waridi au kahawia itupwe.